Fungu la Mama

Watu wa ploti walipigwa na butwaa Maximilla alipompeleka Mzee Gordon Oyugi mahakamani, maana ni Mzee huyo huyo aliyemnunulia jeneza la mtoto.

Na si jeneza tu. Alikodi gari la kuupeleka mwili Bungoma, akakaa kiti cha mbele karibu na dereva safari nzima, kofia mapajani. Walipofika kaburini alilia mpaka watu wa kwao Simiyu, mumewe Maximilla, wakaulizana, huyu mzee Mjaluo ni nani wa marehemu? Wakaambiwa ni mwenye nyumba. Wakatikisa vichwa na kusema hawajawahi kuona mwenye nyumba wa namna hiyo.

Terry alikuwa na miaka tisa. Alikuwa akimwita Mzee Oyugi Kwara, yaani babu yangu, kwa Kijaluo alichokiokota uani akicheza na wenzake. Mzee naye alimwita Nyar Bungoma, binti wa Bungoma, na mamake akamwita Min Terry, yaani mama Terry, na kila alipokula samaki alimwekea mayai pembeni mwa sahani, kwa kuwa alijua mtoto anayapenda. Alikuwa dereva wa lori katika kiwanda cha sukari, na alipostaafu akajenga pale Manyatta, Kisumu, nyumba ya mawe kwa mbele, yake mwenyewe, na nyuma yake safu ya vyumba vya mabati vya kupangisha. Mkewe alibaki kijijini Pap Onditi kuangalia shamba. Mzee alikuwa na upweke wake, na mtoto yule aliujaza.

Maximilla na mumewe Simiyu waliingia katika chumba cha mwisho cha ile safu wakiwa wamefunga ndoa juzi juzi. Simiyu alikuwa fundi wa mawe, akifuata mjengo popote ulipo. Maximilla aliuza mapazia ya mitumba soko la Kibuye. Chumba kilivuja tangu siku ya kwanza, na wao, kama wapangaji wote wa Manyatta, walijifunza kupanga masufuria sakafuni mvua ikianza na kuamka asubuhi wakamwage maji. Hayo waliyazoea. Kilichowashinda kuzoea ni ukuta.

Stima ya vyumba ilivutwa kutoka nyumba ya Mzee na fundi mmoja wa kando ya barabara. Waya ulipita kwenye tundu lililotobolewa katika bati kwa nyundo na msumari, na kingo za lile tundu zikawa zinaukwangua kila upepo ulipovuma. Masika ya mwaka Terry alipotimiza miaka tisa yalipokolea, jirani yao Lornah, mama aliyeuza omena langoni, aliegemea ukuta akiwa na mikono iliyolowa akarushwa chini kama aliyepigwa teke. Akainuka akicheka kwa woga. Siku nyingine akapigwa mtu mwingine. Lornah akamwambia Mzee. Maximilla naye akamwambia, akarudia tena. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, akamkuta Mzee mlangoni pake anakula.

"Mzee, ule ukuta utaua mtu."

"Min Terry, karibu ukule kwanza."

"Nimeshiba, Mzee. Nakuambia ukuta una stima."

"Ni hii mvua tu. Mvua ikikatika itaacha. Nimeshaongea na fundi, atakuja."

Fundi hakuja. Wapangaji wakabuni sheria yao wenyewe, wakawafundisha watoto kuiimba kama mchezo: mvua ikinyesha, ukuta hatugusi. Terry ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote.

Jumapili iliyofuata kulipambazuka jua baada ya mvua ya usiku. Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, na Maximilla alikuwa amechelewa. Sare za shule za Terry zilikuwa zimelowekwa kwenye beseni. Alijitwika mzigo wake wa mapazia, akafika langoni, akageuza kichwa pamoja na mzigo juu yake.

"Terry! Suuza hizo nguo uanike kabla jua halijapotea."

"Sawa, Mama."

Kamba ya kuanikia ya ploti ilikuwa waya. Upande mmoja ilifungwa kwenye nguzo, upande wa pili kwenye msumari uliopigiliwa ukutani. Ukuta kila mtu aliuogopa. Waya ule hakuna aliyeuwazia, kwa sababu kwa miaka yote ulikuwa ni mahali pa nguo tu.

Maximilla alikuwa amemshikia mteja ncha ya pazia wapime urefu simu ilipolia. Alikuwa Lornah. Hakuweza kusema neno, alikuwa anapiga nduru tu, na Maximilla aliijua ile sauti ni ya uani kwao. Aliliacha pazia mikononi mwa mteja akakimbia. Alipofika, Mzee Oyugi alikuwa amepiga magoti kwenye matope, amemlaza Terry mapajani, anampepea kwa kofia yake.

* * *

Kwenye mazishi mchungaji alisema ni ajali. Shemeji za Maximilla wakasema ni ajali. Wanawake waliokuja kumshika mkono walimnong'oneza kwamba ajali haina kinga. Neno lile likawa linamkwaruza Maximilla kama mchanga ndani ya kiatu. Ajali ni kitu kisichojulikana kuwa kinakuja. Hiki kilijulikana. Kilikuwa na wimbo.

Walipomaliza kuzika, Mzee Oyugi aliwaita Maximilla na Simiyu kando ya migomba. Alisema ameshakata stima ya vyumba vyote, na ataifunga upya na fundi wa kweli. Alisema chumba ni chao bila kodi mpaka watakapopata nguvu. Alisema yeye pia amefiwa. Simiyu akampa mkono. Maximilla alingoja mkono uachiliwe.

"Mzee, mimi sitaki kitu. Naomba urudi pale, watu hawajaondoka, useme tu kwamba nilikuambia."

Mzee aliizungusha kofia vidoleni, akaitazama.

"Min Terry," akasema, "hayo tumwachie Mungu."

Kama angekasirika, kama angebisha, pengine Maximilla angeshindwa nguvu. Lakini upole ule ndio uliomsukuma. Aliona kwamba jambo limekwisha kufukiwa pamoja na mtoto, na kwamba watu wema wote walikuwa wamelishikia koleo.

Waliporudi Kisumu akamwambia Simiyu atashtaki.

"Mzee Oyugi?" Simiyu aliuliza, ingawa alikuwa amesikia. "Aliyetubebea mtoto?"

"Huyo."

"Maximilla, kesi haifufui mtu."

"Najua."

"Sasa unatafuta nini? Pesa?"

"Nataka kitu kiitwe kwa jina lake, Simiyu. Basi."

Simiyu aliinamisha kichwa. Hakumkataza, wala hakuwahi kumwambia tena neno la kesi. Aliacha tu kuwa mle ndani. Alipata mjengo Bungoma, akawa anarudi mwisho wa wiki, kisha mwisho wa mwezi, kisha akawa anapiga simu.

Wakili wa Maximilla alikuwa binti mdogo, Maryanne, wa shirika linalosaidia watu wasio na uwezo wa kulipa mawakili. Ofisi yake ilikuwa mjini, juu ya duka la magodoro. Alimsikiliza Maximilla mpaka mwisho bila kuandika, kisha akamwambia, "Mama, nitakuambia ukweli. Ukifungua huu mlango, huwezi kuchagua kitakachoingia. Watauliza kila kitu. Hata vile vya kuumiza."

"Waulize," Maximilla akasema.

Kwa muda aliendelea kuishi katika ploti ile ile, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Mzee hakumfukuza. Kila asubuhi aliketi mlangoni pake, na Maximilla alipopita na mzigo Mzee alimwamkia, "Oyawore, Min Terry," naye akaitikia, kwa sababu hakujua namna ya kutomwitikia mtu mzima. Waliomchukia ni wapangaji wenzake. Walisema ameota pembe. Walisema anataka kuuza mtoto aliyekwisha kuzikwa. Mmoja alimwambia usoni kwamba Mzee akifungwa ploti itauzwa, na wao waende wapi? Mwishowe alihama, si kwa sababu yao. Alihama kwa sababu watoto walikuwa wamekua kidogo na wamebuni mchezo mwingine uani, na katika mchezo ule hapakuwa na nafasi ya Terry.

* * *

Kesi iliahirishwa tena na tena hadi Maximilla akazoea kuvaa nguo zake za kanisani siku ya kazi. Hatimaye ikasikizwa. Alieleza yote aliyoyajua: mvua, tundu la bati, lile jibu la Jumapili mlangoni. Wakili wa Mzee, Bwana Ogola, alisimama kumhoji. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na alianza kwa kumpa pole, na Maximilla aliona kwamba pole ile ilitoka moyoni.

"Mama, siku hiyo ni nani alimwambia mtoto akaanike nguo?"

"Ni mimi."

"Asante, Mama. Sina lingine."

Aliketi. Maximilla alibaki amesimama, mikono kwenye ubao wa kizimba, akingoja swali lingine lije lifunike lile. Halikuja.

Wapangaji wengine walikuwa wamekataa kutoa ushahidi. Lornah peke yake alikuja, amevaa kitambaa chake cheupe cha kichwani, cha Umoja wa Mama wa kanisani. Aliapa kwa Biblia kwa nguvu kana kwamba angeirarua.

"Mimi mwenyewe huo ukuta ulinirusha," alisema. "Nikamwambia Mzee. Mama Terry akamwambia. Nilikuwa kwa mlango yangu siku hiyo ya Jumapili, nikasikia na masikio yangu. Mzee alisema mvua ikikatika itaacha."

Maryanne alimgeukia Maximilla, macho yake yaking'aa. Maximilla alihisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Limesemwa. Mbele ya watu, limesemwa.

Bwana Ogola akainuka tena.

"Mama Lornah, wewe ni mtu wa ukweli, nimeona. Niambie. Hapo kwa ploti, ni watu wangapi walijua ukuta una stima?"

"Wote."

"Hata watoto?"

"Hata watoto tuliwakataza. Walikuwa na wimbo."

"Mama Terry pia alijua."

"Alijua sana. Si yeye ndiye alikuwa anapiga kelele kuliko sisi wote?"

"Na waya wa kuanika, ulifungwa wapi?"

Lornah alifungua mdomo. Ndipo alipoona anakopelekwa. Alimtazama Maximilla kule alikoketi, na machozi yakaanza kumtoka kabla ya jibu.

"Mama, umeapa."

"Kwa ukuta," akasema Lornah. "Lakini hakuna mtu alifikiria. Haki ya Mungu, hakuna mtu alifikiria."

"Ulifungwa kwa ukuta. Asante."

Mzee Oyugi alipopanda kizimbani alionekana mdogo kuliko kiti. Aliulizwa kama aliambiwa. Akasema hakumbuki kuambiwa. Aliulizwa tena. Akasema watu humwambia mambo mengi. Hakumtazama Maximilla hata mara moja, yeye aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi.

* * *

Siku ya hukumu Simiyu alikuja. Maximilla hakumtarajia. Alimkuta amesimama nje ya mahakama, amenyolewa, koti lake la mazishi limemkaa kubwa, kwa kuwa alikuwa amekonda. Waliingia wakaketi benchi moja, na kati yao palibaki nafasi ya mtoto.

Hakimu alisoma kwa Kiingereza, haraka, bila kuinua macho, na karani akawa anafuata nyuma kwa Kiswahili. Kiingereza cha Maximilla kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo alimngoja karani. Karani akasema mahakama imeridhika kwamba mwenye nyumba aliarifiwa kuhusu hatari ile. Akasema alikuwa na wajibu wa kuirekebisha na hakuirekebisha. Akasema kifo cha mtoto kilitokana na uzembe huo. Maryanne alimshika Maximilla goti. Maximilla alifumba macho. Kila neno aliliacha lishuke taratibu, kama mtu anywaye maji baada ya safari.

Hakimu alikuwa bado anasoma. Ghafla Simiyu, aliyekuwa akikifuata Kiingereza chenyewe, akaruka juu.

"Hapana!" alipiga kelele. "Hapana, hiyo hapana!"

Askari wa mahakama akamsogelea. Hakimu aliondoa miwani, akamwambia aketi au atolewe. Simiyu aliketi, anahema. Maximilla alimkodolea macho asielewe, maana Kiswahili kilikuwa hakijafika. Kisha kikafika. Karani, mwanamke wa makamo, aliisoma sehemu ile kwa sauti ya kujikaza.

"Hata hivyo, mama wa marehemu aliijua hatari hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, na bado alimtuma mtoto wa umri mdogo kuanika nguo zilizolowa kwenye waya uliofungwa katika ukuta huo, baada ya mvua. Mahakama inaona kwamba mama naye anabeba sehemu ya lawama, na fidia itapunguzwa kwa kiasi hicho."

Yaliyofuata hakuyasikia. Ukweli wa Lornah ulikuwa umekata pande zote mbili, kama kisu cha mpasua samaki.

Nje, kwenye ukumbi mrefu uliojaa watu wa kesi nyingine, mtu alimgusa bega. Alikuwa Mzee Oyugi, kofia mkononi.

"Min Terry. Uliniambia. Kila kitu nakumbuka. Hata nilichokuwa nakula nakumbuka. Wakili alisema nikikubali nimekwisha."

Maximilla alimtazama. Haya ndiyo maneno aliyoyaomba kando ya migomba. Yalikuwa yamekuja sasa, katikati ya kelele, hakuna anayesikia, na yeye mwenyewe hakuwa na mahali pa kuyaweka.

"Ungesema kule mbele, Mzee," akamwambia.

"Ningesema."

"Nenda nyumbani. Jua ni kali."

Alimwangalia akishuka ngazi, akishikilia ukuta.

* * *

Simiyu alisema wakale. Walishuka hadi kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa, mahali walipokuwa wakienda zamani, kabla ya kuwa na mtoto, siku Simiyu alipolipwa. Magugu ya majini yalikuwa yameingia mpaka ufuoni, na maji huwezi kuyaona, unaona tu kijani kinachopumua. Waliletewa samaki mzima wa ngege na ugali. Hakuna aliyenawa mikono.

"Asante kwa kunitetea," Maximilla alisema. "Sikujua bado unaweza kupiga kelele hivyo kwa ajili yangu."

Simiyu alisogeza sahani ya samaki katikati ya meza.

"Nilifikiri wewe ndiye ungeona hakimu amesema kweli. Simiyu, nikuulize. Wewe unaonaje?"

"Tule, samaki anapoa."

"Wewe unaonaje?"

Simiyu aligeuzia uso magugu. Alipoanza kusema, alisema polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwake mwenyewe.

"Tangu siku ile, kila nikilala namwomba Mungu kitu kimoja. Anitolee hilo wazo. Nakuona uko langoni na mzigo, unamwambia aanike. Nakataa, linarudi. Ndiyo maana nilienda Bungoma. Si mjengo. Niliogopa siku moja nitalisema." Alijifuta uso kwa kiganja. "Leo yule hakimu akalisoma. Vile vile lilivyo ndani yangu. Nikaona kama mtu amenichungulia. Sikuwa nakutetea, Maximilla. Nilitaka anyamaze."

Mwenye kibanda alikuja kuuliza kama wanaongeza mboga, akawaona, akarudi.

Simiyu alianza kulia, kilio cha mwanamume aliyejizuia mno, kisicho na sauti wala mpangilio, mabega yakipanda na kushuka ndani ya lile koti kubwa. Maximilla alisubiri hasira ije. Alikuwa ana haki nayo, aliisubiri. Haikuja. Alizunguka meza, akaketi upande wake, akaanza kumpapasa mgongo, juu na chini, kama alivyokuwa akimpapasa Terry akiwa na kikohozi.

"Afadhali umesema," alimwambia. "Nilidhani niko nalo peke yangu."

Walikaa hivyo mpaka samaki akapoa kabisa. Jioni alimsindikiza stendi. Simiyu alishika mkono wake kupitia dirishani, akauachia gari lilipoanza kuondoka. Hakusema atarudi lini, naye hakumwuliza.

Jumapili iliyofuata, Kibuye kukiwa kumefurika watu, Maryanne alimpigia simu. Alikuwa amekaa na hasira wiki nzima. Alisema watakata rufaa, ile sehemu aliyobebeshwa mama itaondolewa, kuna kesi nyingine za kutolea mfano, anachohitaji ni ruhusa yake tu.

"Ile ya Mzee imeandikwa?" Maximilla aliuliza.

"Imeandikwa, Mama."

"Kwamba aliambiwa?"

"Kwamba aliambiwa na hakufanya kitu. Hiyo hakuna wa kuifuta."

"Basi. Hiyo nyingine iache."

"Lakini Mama, si haki! Wewe hukujua kuhusu waya. Hakuna aliyejua."

"Iache, binti yangu. Hilo fungu ni langu. Nikilitoa nitampa nani?"

Alikata simu. Mbele yake mama mmoja mtu mzima, ambaye alimjua kwa sura tu, alikuwa amelikunjua pazia la maua akiuliza bei. Maximilla alifungua mdomo amjibu, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Yule mama alimtazama kidogo, akalikunja pazia, akaweka kikapu chake chini, akaketi kando yake juu ya mzigo, wala hakumwuliza kitu. Wateja wengine wakapita.